Nyani Anafundisha Kulinda Mali

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa mfenesi.
Wa nani?
Wa Nyani.
Aliupanda yeye?
Hakuupanda.
Na mlaji?
Nyani.
Na sisi?
Tukanusa.

Haya, mlionusa kaeni vizuri. Na wewe mwenye simu hapo pembeni, igeuze kifudifudi, maana habari yenyewe inawahusu watu wa aina yako.

Hapo kale, si kale sana, mtandao ulishakuwepo, kulikuwa na shamba lililotelekezwa na wenyewe. Migomba ilikufa, mihogo ilichimbwa na nguruwe, ukabaki mfenesi mmoja tu, nao umezaa kuanzia shinani mpaka kileleni. Ulikuwa wakati wa kiangazi. Porini hapakuwa na kitu cha kutia mdomoni. Akaja Nyani, dume la haja, kifua kipana kama mlango, akaketi chini ya ule mti akasema, "Huu wangu." Aliyetaka kubisha alitazama meno yake, akaghairi.

Nyani akala. Akala fenesi bivu, akala bichi, akala hata zile nyuzinyuzi ambazo watu wastaarabu hutupa. Kokwa zilipomshinda, akazikalia, asije akala mwingine.

Jirani yake alikuwa Bi Kindi, mjane, mwenye watoto watatu na shimo moja kwenye mti mkavu. Wale watoto walishaanza kutafuna magome. Kila asubuhi waliuliza, "Mama, leo tunakula nini?" Naye akajibu, "Harufu." Siku moja mdogo wao hakuuliza, alilala tu amekodoa macho. Bi Kindi akaogopa. Akajifuta uso, akaenda mwenyewe kwa Nyani.

"Shikamoo, Mzee Nyani."

"Marahaba. Toka."

"Nimekuja kuomba kokwa tu, Mzee. Hata moja."

"Kokwa nimezikalia."

"Naziona, Mzee."

Angeondoka, lakini aliona kitu. Nyani alikuwa ameshika simu, na uso wake umekunjamana kama wa mtu aliyemeza dawa chungu. Simu hiyo aliinyakua kwenye gari la watalii. Aliichaji wapi? Wewe nawe. Fenesi linalindwa na nyani anayeitikia shikamoo, umelikubali, umekwama kwenye chaji?

"Mzee, mbona huna raha?" Bi Kindi akauliza.

Nyani hakuwa na rafiki wa kumweleza, kwa hiyo akamweleza yeye. Binamu yake Ngedere, anayekaa kule kwenye lami, alikuwa anapora kofia za wasafiri na kujirekodi, na sasa nchi nzima inamtazama. Nyani naye alirekodi video akaitupa mtandaoni. Waliotazama walikuwa wawili: yeye mwenyewe na mama yake, na mama yake aliishia katikati.

"Naomba niione," akasema Bi Kindi.

Akaonyeshwa. Nyani alikuwa amelipa jua mgongo, kwa hiyo uso ulikuwa mweusi kama tako la sufuria. Kidole gumba kilifunika nusu ya picha. Alianza kwa kusalimia, akasalimia tena, akataja ukoo wa baba, akataja ukoo wa mama, akakohoa, akasema, "Kwa leo naishia hapo." Kicheko kilimkaba Bi Kindi kooni. Akamkumbuka mwanawe aliyelala, akakimeza.

"Mzee, wewe ni nyota. Umekosa mwalimu tu."

"Na wewe panya wa mitini unajua nini?"

"Mimi nimekaa darini kwa kijana mmoja pale sokoni, anayechaji simu za watu na kutengeneza video. Alivyoanza, nilimwona. Alivyopata jina, nilimwona. Kila alichofanya nakijua."

Hapo hakusema uongo. Hakusema tu kwamba alifukuzwa kule kwa kutafuna waya wa chaja.

"Na malipo yako?"

"Sitaki kitu. Fenesi lenyewe hata silipendi, linanata." Tumbo lake likanguruma: kwoo.

"Nini hicho?"

"Furaha, Mzee."

Wakakubaliana waanze kesho yake asubuhi. Jioni hiyo Bi Kindi akapita kwa Nungunungu, akapita kwa Kobe, ambao nao njaa ilikuwa imewakondesha, akawaambia mahali pa kujificha na wakati wa kutokea.

Asubuhi, mwalimu akafundisha.

"La kwanza, Mzee, mtu anayeanza azungumzie kile anachokijua kuliko wote. Wewe unajua nini?"

Nyani akafikiri. "Kulinda."

"Basi tufundishe namna ya kulinda mali. La pili, uso ulikabili jua. Kaa hapa, jua lije machoni, mti ubaki mgongoni."

"Nitauonaje mti wangu?"

"Utaonekana kwenye picha. Watu waone mali yenyewe inayolindwa. La tatu, salamu weka mwishoni. Anza katikati ya jambo, la sivyo mtazamaji anakimbilia kwa Ngedere. La nne, usitoe macho kwenye kamera hata inzi akikutua puani. Ukitazama pembeni, unamwambia mtazamaji kwamba pembeni kuna kitu kitamu kuliko wewe."

"Kipo?"

"Kitatoka wapi? Na la tano, wakubwa wote wa video huvaa vitu masikioni."

Akatoa vifuu viwili vya nazi, akamfunga navyo masikio kwa kamba ya mgomba. Nyani akajishika kichwa. Alijiona ameshakuwa mkubwa. Bi Kindi akaiegemeza simu kwenye jiwe, akaweka ile kamera ya nyuma, ambayo mwenye kujirekodi hajioni, akapunga mkia.

Nyani akaanza. "Ndugu yangu, unaibiwa kwa sababu umelala! Kaza macho, ndugu yangu, kaza macho!"

Huko nyuma wana wa Kindi wakapanda mtini, wakatafuna kikonyo: kru, kru, kru. Fenesi likaanguka: puu. Nungunungu na Kobe wakalisukuma: biringi, biringi, biringi.

"Mwizi hawezi kunikaribia mimi! Kaza macho, ndugu yangu, kaza macho!"

Kru, kru, kru. Puu. Biringi, biringi, biringi.

"Mbona ardhi inatikisika?" Nyani akauliza bila kugeuza shingo, maana alikuwa mwanafunzi mzuri.

"Moyo wako huo, Mzee. Wasanii wakubwa hutetemeka."

Kru, kru, kru. Puu. Biringi, biringi, biringi. Siku hiyo watoto wa Kindi walikula mpaka wakalala chali, na yule mdogo akaanza kuwapiga mateke wenzake, mama yake akajua amepona. Alilia kidogo, akalamba utomvu vidoleni.

Lakini kuna jambo Bi Kindi hakulifikiria. Wakati anafunga hesabu zake za wizi, alisahau kwamba simu haichagui cha kuona. Alipoisogelea kuifuta ile video, Nyani alishaishika. Kwenye kioo Nyani alikuwa mbele anatoa mapovu ya hekima, na nyuma yake, kweupe kabisa, Kobe anasukuma fenesi kwa makalio. Moyo wa Bi Kindi ukashuka mpaka kwenye kucha.

Nyani akaitazama video. Akaitazama tena. "Pua yangu," akasema, "kumbe nzuri."

Hakuona kingine. Mnaodhani nawadanganya, mpeni mtu video aliyomo na watu wengine, halafu muulizeni nani alikuwa kasimama pembeni yake. Nyani akabonyeza, video ikaenda.

Mchana simu ikaanza kulia: ting. Ting, ting. Ting, ting, ting. Jioni ilikuwa inatetemeka yenyewe chini kama samaki aliyetolewa majini. Swala wametazama, pundamilia wametazama, kiboko ametazama akiwa majini, Simba mwenyewe ametazama na kuwaonyesha wake zake. Na wote waliandika kwa vile vinyago vya manjano vinavyocheka mpaka machozi yanatoka.

"Wanalia," akasema Nyani kwa sauti ndogo. "Nimewagusa."

"Umewagusa, Mzee," akasema Bi Kindi.

Wakarekodi kesho yake. Wakarekodi kesho kutwa. Mafenesi yakapungua, lakini Nyani hakuwahi kuyahesabu. Waliokuwa wakiyahesabu ni wenye njaa. Watazamaji wakaongezeka, Nyani akaanza kutembea kama anayepigiwa ngoma.

Basi siku moja akaja Ngedere kutoka kwenye lami, roho inamuuma. Alikuwa na kofia ya watu kichwani na wivu usoni.

"Binamu," akasema, "hongera. Hata mimi sijawahi kuibiwa vizuri namna hiyo."

"Nani kaibiwa?"

Ngedere akaichukua simu, akaweka kidole juu ya kioo, mbali na pua ya Nyani. Nyani akafuata kile kidole. Akamwona Kobe. Akamwona Nungunungu. Akawaona wana wa Kindi wamening'inia. Akageuka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akautazama mti wake. Mti ulikuwa na nafasi nyingi kuliko mafenesi.

Bi Kindi alikuwa ameshaanza kuondoka taratibu, kama mtu aliyekumbuka kuacha chungu jikoni. Hakufika. Nyani alimdaka mkia, akamning'iniza mbele ya meno yake. Kutoka kule shimoni watoto wakaita, "Mama!" Bi Kindi aliogopa kuliko siku zote za njaa alizowahi kuishi. Aliona mpaka jino la mwisho.

"Mwalimu," akasema Nyani. "Sema la mwisho."

"Nimekuibia, Mzee," akasema Bi Kindi. "Nile tu. Ila naomba kwanza uniambie, kesho utarekodi nini?"

"Nitarekodi mimi. Na mti wangu. Na hakuna mwizi."

"Hiyo ulishaitengeneza. Mama yako aliishia katikati."

Nyani akayaficha meno.

"Kesho asubuhi," Bi Kindi akaendelea, kichwa chini miguu juu, "swala watafungua simu, pundamilia watafungua, Simba atawaita wake zake. Watakukuta umekaa na mti wako, umeshiba. Watasubiri kidogo, halafu wataondoka, Mzee. Kila mmoja ataondoka. Unajua watakwenda kwa nani?"

Nyani akamtazama Ngedere. Ngedere akaiweka kofia yake vizuri.

Simu ikalia: ting. Nyani akaiangalia. Akauangalia mti. Akamwangalia Kindi, akaiangalia tena simu. Na niwaambie, alikuwa anateseka kwelikweli, maana alilipenda fenesi, na tangu azaliwe hakuwahi kumpenda mwingine.

Ting.

Akamshusha Bi Kindi chini, polepole. Akamfuta vumbi mkiani.

"Kesho," akasema, "mje mapema. Na huyo Kobe apite upande wa kulia, ananiziba."

Kuanzia hapo Nyani hakuhitaji mwalimu. Aliwapanga wezi mwenyewe. Kobe akichelewa, anafokewa. Nungunungu akisukuma bila hisia, anaambiwa arudie. Kru, kru, kru, puu, biringi, biringi, na yeye mbele, vifuu masikioni, "Kaza macho, ndugu yangu, kaza macho," wakati kifua kile kipana kimebaki mbavu tupu. Watazamaji wakamjaa mpaka hakuna nambari ya kuwataja. Wakamwandikia, "Mzee, unatufurahisha." Akawajibu, "Mimi nimeshiba, ndugu zangu." Alikuwa anakula magome.

Likabaki fenesi moja, nalo likaangushwa. Siku hiyo Bi Kindi alimkuta Nyani ameegemea shina tupu, midomo imekauka, na kusema kweli roho ikamuuma. Akamkatia kipande kikubwa, kinono, kinachotoa harufu mpaka barabarani, akamtupia. Nyani akakidaka kwa mikono miwili. Mate yakamtoka. Akakipeleka kinywani, akafunua meno, akasita. Akanyoosha mkono, akamrudishia Bi Kindi.

"Rudia kutupa," akasema. "Kamera ilikuwa imezimwa."

Ngano yangu naitua hapa, mgongo umeuma. Ikiwa tamu, mpelekeeni jirani na sahani yake mrudi nayo. Ikiwa chachu, ni yenu, mimi niliwaazima mdomo tu.

Na funzo lake, msije mkasema sikuwapa: watoto, wizi hauna faida. Bi Kindi na wanawe walijuta sana. Walijuta asubuhi, walijuta mchana, walijuta mpaka wakanenepa.