Barabara Aliyoijenga Kiboko kwa Makalio

Wanangu, masikio mnayo?
— Tunayo!
Yako wazi?
— Wazi kama mlango wa sokoni!
Basi naingia.

Palikuwa na bonde lenye vijiji vitatu, na katikati yake kichaka cha miiba, hakipitiki. Nyuki walikuwa na asali, hawana vyungu vya kuitia. Mchwa walifinyanga vyungu, hawana wateja. Ndege Mnana alisuka vikapu, vikamwozea mtini. Na kila aliyefungua kibanda kando ya mto, Kiboko alimjia. Anatazama, anageuka, anakalia. Pwaaa!

"Hapa pangu!"

Siku moja akakalia kibanda cha Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu. Maandazi yote, pwaaa! Na unga ulikuwa wa mwisho. Sange alilia mpaka pua ikavimba. Kisha akawaendea wenzake.

"Jamani, huyu akisikia kuna kipya tu, anakuja kukikalia. Niachieni mimi."

Asubuhi akapaza sauti ukingoni mwa kichaka: "Nafungua duka la matikiti humu!"

Kiboko huyo! Akageuka, akakalia. Pwaaa! Miiba ikalala chini.

"Hapa pangu!"

"Pako, Mzee."

Kesho yake, mbele kidogo: "Nafungua duka la mihogo!"

Pwaaa! "Hapa pangu! Lakini mbona siioni mihogo?"

"Umeikalia, Mzee."

Akakalia leo, akakalia kesho, mpaka njia pana ikapasua kichaka na kufika vijiji vyote vitatu. Nyuki wakapata vyungu. Mchwa wakapata wateja. Mnana akamkopesha Sange vikapu, Nyuki wakampa asali, akaanza upya. Soko likafunguliwa njia panda.

Kiboko akaja mbio. "Kipya kiko wapi?"

"Pale, chini ya majani, Mzee. Nungunungu amefungua duka la sindano."

Kiboko akageuka. Akakalia.

"Uuuwiii! Mama yanguuu!"

Mbio mpaka mtoni, chubwi! Hata leo, jua likiwaka, hatoki majini.

Sange akapanda juu ya chungu. "Hapa pa nani?"

"Petu!" soko zima likaitikia, vigelegele mpaka vilimani. Maandazi ya asali yakaisha kabla jua halijapanda.

Fundisho, wanangu: mheshimuni sana kila mwenye makalio makubwa. Bila yeye, barabara ingetoka wapi?

Mzigo wangu nimeutua, anayeutaka aubebe.
— Tumeubeba!