Mafuta Yaliyolala

Wapendwa, kulikuwa na bwana mmoja mwenye mashine ya kufyekea majani, ile ndogo ya petroli inayoning'inizwa begani kwa mkanda. Aliinunua kwa ajili ya mama yake, mjane aliyeishi peke yake kijijini. Siku ya kwanza alifyeka uwanja wote, mama akapiga vigelegele utadhani mwanawe anaoa upya! Bwana akarudi nayo mjini, akaiegemeza stoo. Kusafisha chujio la hewa? Wapi! Kumwaga mafuta yaliyobaki? "Yaache humo humo," alimwambia mkewe. "Mama akiita, nawasha tu."

Mvua zikaja, mama akapiga simu. "Mwanangu, majani yamefika dirishani. Unakuja lini?"

"Jumamosi, mama."

Jumamosi ikawa na harusi. Iliyofuata, kikao. Mnazijua Jumamosi hizo, msinitazame hivyo! Mwishowe akaitoa mashine stoo, akavuta kamba mpaka bega likamuuma. Kimya. Akaipeleka kwa fundi. Fundi akafungua tangi, akanusa, akakunja uso.

"Mzee, mafuta yamelala humu mpaka yameharibika. Kabureta imeziba. Ungeyamwaga tu, usingenihitaji."

"Nilitaka iwe tayari," bwana akajitetea.

"Niachie. Ila kuna kazi za watu mbele yako."

Akampigia mama. "Mashine ni mbovu, mama. Ikipona tu, nakuja."

"Si uje hivyo hivyo, baba? Tutakaa tu, tutaongea."

"Nije mikono mitupu, na majani yote hayo? Vumilia kidogo."

Mashine ikapona. Lakini simu iliyofuata kutoka kijijini haikuwa ya mama. Ilikuwa ya jirani: mama ameugua ghafla, na hatunaye tena.

Bwana akafika na mashine yake. Ikawaka kwa mvuto mmoja, na jinsi ilivyowaka vizuri ndivyo ilivyomuuma. Akafyeka uwanja ule huku analia, maana waombolezaji walikuwa wanafika na turubai hazikuwa na pa kufungwa. Alipoizima, uchungu ukageuka hasira, akamwendea yule jirani.

"Kweli ninyi nyote hapa, hamkuwa na hata panga moja la kumsaidia mama yangu?"

Jirani akainamisha kichwa. "Tulikuja na mapanga, kaka, tena si mara moja. Alitukatalia. Alisema, 'Mkiyafyeka ninyi, mwanangu atakuja kufanya nini?'"

Jamani! Yule mama alikuwa na shida na majani? Hata kidogo! Na yule bwana, alikosa upendo? Hapana, alikuwa nao tele. Aliuweka stoo.

Ndivyo tulivyo sisi. Nikipata nafasi, nikishapumua, nikishamaliza ujenzi. Mzazi anakuambia bati linavuja, wewe unatuma fundi, kumbe alikuwa anakuita wewe. Tunawapenda watu wetu, naam, lakini tunawapenda kwa baadaye, na baadaye hiyo tunaitumia kufunga turubai. Inasikitisha, na mimi imenisikitisha wiki nzima.

Mama yako bado anapokea simu? Baba je? Basi leo, tukishafunga ibada, usipange foleni mlangoni kunipa mkono. Pita mlango ule wa pembeni, uende kwake. Na uende mikono mitupu.