Aliyeshika Ubao Mweupe

Wapendwa, kaeni. Waliosimama mlangoni waingie, nafasi zipo huku mbele na hakuna atakayeng'atwa. Leo sitaanza na mkulima wala mchungaji wa kondoo, hao nimewatumia mpaka wamechoka. Kulikuwa na binti mmoja aliyekuwa anasomea kupiga picha.

Mnacheka. Ndiyo, siku hizi inasomewa. Binti huyu alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, anasoma upigaji picha pamoja na usanifu wa michoro. Yaani zile kadi za harusi, mabango na kalenda mnazotundika sebuleni, kuna mtu alikaa darasani akafundishwa namna ya kuzipanga. Na kipaji alikuwa nacho, tusimpunguzie. Angeweza kukupiga picha wewe uliyenuna wiki nzima, ukatoka na sura ya mtu aliyesamehewa madeni.

Chuo chao kilikuwa na utaratibu wake. Kila kazi ya darasa ilikwenda na ukurasa wa tafakari. Mwanafunzi anabandika picha au bango lake, kisha chini yake anaeleza alitaka nini, alifanya nini, amejifunza nini. Binti alikuwa hodari wa kurasa hizo. Nimejifunza kuutafuta mwanga, aliandika. Nimejifunza kusubiri. Nimejifunza kukata kisichohitajika kwenye picha. Nimejifunza, nimejifunza, ukurasa mzima ni yeye na kamera yake.

Sasa mimi nawauliza, huo mwanga alioutafuta, nani alikuwa ameushika?

Binti aliishi na baba yake, wawili tu, maana mama alishatangulia. Baba alikuwa seremala, mtu wa maneno machache. Siku moja binti alirudi nyumbani akilalamika kwamba wenzake wana taa za kununua na vifaa vya dukani vya kurudisha mwanga usoni kwa mtu, na yeye hana hata kimoja. Baba aliinuka. Alichukua kipande cha plaiwudi kilichobaki kwenye kabati la mteja, akakigongelea shuka jeupe kuukuu, akakipiga msasa pembeni kisimchome mtu. Alipomaliza alimpa. "Jaribu hiki, mama," alisema.

Wakajaribu. Jua likapiga kwenye ubao, likarudi usoni taratibu, na vile vivuli vya chini ya macho vikaondoka. Binti alifurahi, akamkumbatia baba yake na vumbi lake la mbao.

Lakini ubao haujishiki wenyewe. Lazima mtu asimame pembeni ya anayepigwa picha, auinue, auinamishe, alifuate jua linavyohama. Tangu siku ile mtu huyo akawa baba. Aliacha randa yake mezani akaenda. Binti akimpiga mama muuza maandazi, baba yupo pembeni na ubao. Akipiga kwaya, na mnajua kwaya zinavyopenda picha kuliko mazoezi, baba yupo. Mikono ikichoka anauegemeza begani. Na wakishamaliza, wakati binti anarudisha kamera kwenye mkoba, baba alikuwa na mazoea ya kuuliza, nusu utani, "Na mimi zamu yangu lini?"

Binti alikuwa anajibu bila kugeuka. "Kesho, Baba. Leo mwanga umeshaharibika."

Je, alikuwa anamdanganya? Hapana. Mwanga kweli ulikuwa umeharibika. Ndiyo hatari ya visingizio vyetu, vingi ni vya kweli, kwa hiyo hata dhamiri haitusumbui.

Ikaja kazi ya mwisho ya darasa. Mwalimu alisema anataka uso mmoja tu, uso wa mtu wanayemfahamu kwa karibu, picha moja kubwa na bango la kuitangaza. Binti alifika nyumbani akamwambia baba kwamba Jumamosi asubuhi atapiga uso, kwa hiyo asipokee kazi ya mtu. Nani atapigwa hakusema. Baba hakuuliza, akaitikia tu.

Jumamosi ilipofika, baba alitoka chumbani amevaa koti. Lile koti jeusi aliloolea, linanukia dawa ya nondo. Nywele amechana, kidevu amenyoa mpaka kinang'aa. Akasimama uani, mikono ameiweka mbele. Binti alimwona, akafikiri labda ana kikao cha wazee wa kanisa baadaye. Hakuuliza, maana kichwa chake kilikuwa kwenye kazi. Yeye alishapanga kumpiga jirani yao, mzee mmoja aliyekuwa fundi baiskeli, mwenye uso wa mikunjo na sharubu nyeupe alizozitunza kama bustani. Uso ule ulikuwa unaomba kamera. Mzee akaitwa, akaja, akaketishwa kwenye kigoda. Baba alimtazama mzee akikaa, kisha akaenda kuchukua ubao.

Binti akachungulia kwenye kamera, akakunja uso. "Baba, naomba uvue hilo koti. Jeusi hilo linakula mwanga wote."

Baba akalivua. Akalikunja vizuri, bitana kwa nje, akaliweka juu ya benchi lake la useremala. Akarudi na shati la mikono mifupi, akasimama na ubao mpaka kazi ikaisha. Siku hiyo hakuuliza zamu yake lini. Binti hata hakuona kwamba hakuuliza.

Picha ikatoka nzuri ajabu. Mikunjo ya mzee unaisoma mmoja mmoja. Kasoro ilikuwa ndogo tu, pembeni kabisa, vidole vya baba vilivyoushika ubao vilikuwa vimeingia, na kimoja kina kucha nyeusi iliyogongwa na nyundo. Mwalimu alipoikuza picha ukutani mbele ya darasa, aliuliza vidole vile ni vya nani.

"Ni mtu tu aliyekuwa ananishikia ubao," binti akajibu.

Mwalimu akamwambia avikate, vinavuta macho. Akavikata. Picha ikawa safi, ikapata alama za juu kuliko zote, ikatundikwa kwenye ukumbi wa chuo. Kwenye ukurasa wa tafakari binti aliandika kwamba amejifunza kumtazama mtu wa karibu kama ambaye hajawahi kumwona.

Mtu tu, alisema. Lishikeni neno hilo.

Haukupita muda mrefu, presha ikampanda baba akiwa kazini. Alianguka kando ya benchi lake, na hospitali hakufika.

Misiba yetu mnaijua. Kabla jeneza halijatoka nyumbani, lazima ipatikane picha ya marehemu, itiwe kwenye fremu, ifungwe utepe, na mtoto wake aibebe mbele ya watu. Kwenye nyumba nyingine ndugu wote wanahangaika, huyu anapekua albamu, yule anapekua simu, mwingine anampigia shemeji aliye mbali. Kwenye nyumba hii hakuna aliyejisumbua. Kwa nini wajisumbue, na mpiga picha yumo ndani? Shangazi mtu alimfuata binti chumbani, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, chagua moja nzuri utuletee. Wewe ndiye unazo."

Binti akafungua kompyuta. Mji mzima ulikuwamo. Muuza maandazi yumo, kwaya imo, kila mtu na sauti yake, watoto wa majirani wamo, hata mbuzi wa mtu yumo. Baba hakuwamo. Akarudi kwenye picha za mwanzo, zile ambazo bado hazijakatwa, na humo ndimo alimomwona. Kiwiko. Ncha ya kiatu. Kivuli ukutani kimeinua ubao. Vidole, kimoja kina kucha nyeusi. Angeweza kuvikusanya vipande vyote vile, na baba asingepatikana. Akalia, na wanawake waliokuwa sebuleni wakasema mwacheni alie, amefiwa. Lakini kulia kule hakukuwa kwa msiba peke yake. Alikuwa anajililia mwenyewe.

Mwishowe alikwenda steshenari na kitambulisho cha baba. Kile kipicha kidogo kikakuzwa, kikakuzwa, mpaka kikapauka. Ndicho alichokibeba mbele ya jeneza, mtu aliyekodoa macho kama anahojiwa polisi. Watu waliopita kuaga walitazama fremu, kisha wakamtazama binti mwenye kamera, wakapita.

Udongo ulipokwisha kuwekwa, yule jirani mwenye sharubu alimsogelea. Alitaka kumfariji tu, maskini, hakujua amebeba nini.

"Mwanangu," alisema, "mbona hukuweka ile ya koti?"

Binti hakuelewa. Akauliza picha gani ya koti.

"Ile ya Jumamosi ile. Asubuhi alikuja kwangu kuazima kitana. Akaniambia leo ni zamu yangu, binti anapiga nyuso. Alikuwa na furaha mpaka nikamtania, nikamwambia huyu anaoa tena. Sasa uliponiita na mimi, nikajua yeye umeshamaliza naye." Mzee akamtazama usoni. "Kwani hukumpiga?"

Binti aliishika fremu, akaondoka.

Alirudi nyumbani, akaketi, akafungua ile picha iliyompa sifa. Akaukuza uso wa mzee, akalikuza jicho, akaikuza mboni ya jicho. Humo ndani kulikuwa na kijimraba cheupe, ndio ubao, umeakisiwa. Na kando ya kijimraba, doa dogo la kichwa cha mtu aliyesimama. Akakuza zaidi ili auone uso. Vikatokea viboksi vitupu vya rangi. Akarudisha nyuma, akakuza tena. Shangazi alipokuja kumwita ale, alimkuta bado anakuza.

Wapendwa, hapo ndipo mfano unapokwisha, na msinitazame mimi, maana haunihusu mimi peke yangu. Mnamlaumu binti? Mimi siwezi. Hakumtukana baba yake, hakumnyima chakula, hakumkosea adabu hata siku moja. Alimpenda. Kosa lake ni kwamba alimzoea. Ukimzoea mtu sana, unaweza kumwona amevaa koti la harusi asubuhi ya Jumamosi usiulize amelivaa kwa ajili ya nani.

Na sisi je? Tunapokuja hapa mbele kutoa ushuhuda, tunasema nini? Nilisoma kwa shida, nilijenga, nilipona, nimevuka. Kurasa za tafakari hizo. Nimejifunza, nimejifunza. Nani alikuuguza ukapona? Nani alikuwa anaamka kabla yako ili wewe uamke ukute maji ya moto? Ndugu yangu, huyo mke wako, umemkata wapi ili picha yako itoke safi? Na Mungu mwenyewe, ambaye jua ni lake, si tunamkata vilevile tukishapata alama? Tunasema ni mtu tu. Ni mama tu. Ni dada wa kazi tu.

Ndiyo, Mungu anasamehe, na toba ya binti yule aliipokea, sina shaka nayo. Lakini Mungu akishakusamehe, baba harudi kuvaa koti. Hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu najua humu ndani wapo ambao leo wanakuza picha isiyo na uso, na hao siwapigi mjeledi, hao nawaombea.

Nawasema ninyi ambao mtu wenu bado yupo. Huenda yuko nyumbani sasa hivi anawapikia, ndiyo maana hakuja ibadani. Huenda wiki iliyopita aliwaomba kitu kidogo, nusu utani, nanyi mkajibu bila kugeuka. Nendeni mkageuke. Wala msianze na hotuba, muulizeni tu amekula, muulizeni amevaa vizuri hivi anakwenda wapi.

Tukimaliza hapa, najua, tutapanga mstari pale kwenye ngazi kupiga picha, kama kawaida yetu, wenye vitambaa vipya mbele. Nawaombeni kitu kimoja. Kabla hamjatabasamu, tazameni ni nani amesimama upande wa pili ameshika simu. Mwiteni aingie. Mpeni simu mtoto yeyote apige, na picha ikitoka imepinda, acheni itoke imepinda.