Mama Fisi na Shimo la Samadi

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni motoni, na mwenye mtoto mchanga mpisheni akae karibu.

Hapo zamani za kale, huko milimani, aliishi mjane aitwaye Nakijwa na binti yake Namkunda, pamoja na ng'ombe wao wawili. Miti ya milima ile ilikuwa imekatwa ikaisha. Ukitazama huku, kipara. Ukitazama kule, kipara. Kilibaki kichaka kimoja bondeni, na katikati yake mti mkubwa.

Msimu wa baridi, Namkunda akajifungua mtoto wa kiume. Mzazi anataka uji wa moto, mtoto anataka maji ya moto, na jikoni hamna hata kijiti. Nakijwa akachukua shoka akashuka bondeni. Alipoliinua, fisi jike akatoka kwenye mizizi, mbavu zimemtoka.

"Mama mwenzangu," akasema, "usiukate. Wanangu wamelala chini yake."

Nakijwa akaona haya. Akarudi nyumbani, akavunja kigoda chake, akapika uji.

Kesho yake akashuka tena na shoka. Fisi akatoka.

"Mama mwenzangu, usiukate. Wanangu wamelala chini yake."

Akarudi, akavunja kitanda chake, akapika uji.

Siku iliyofuata hapakuwa na kitu cha kuvunja. Akashuka.

"Mama mwenzangu, usiukate. Wanangu wamelala chini yake."

"Na wangu je?" akauliza Nakijwa. "Mjukuu wangu mikono imekuwa ya baridi."

Fisi hakunguruma. Akafikiri, kisha akasema, "Mimi hupita nyuma ya zizi lako nikitafuta mifupa. Lile shimo unalotupa samadi na maganda ya ndizi linapumua. Moto umelala mle."

Nakijwa akamwambia mle mna mavi ya ng'ombe tu. Fisi akamwomba akatazame kwanza; akikuta ni uongo, arudi na shoka lake, naye atawahamisha watoto wake.

Nakijwa akaenda. Kweli, shimo lilikuwa likitoa mapovu. Akatoboa tundu kitakoni mwa mtungi mkubwa wa pombe, akaufudikiza juu ya shimo, akachomeka mwanzi kwenye tundu na kuziba kingo kwa udongo. Akaomba kijinga cha moto kwa jirani, akakisogeza kwenye ncha ya mwanzi. Akawasha: kimya. Akaongeza udongo penye nyufa. Akawasha: kimya. Akaufunua mtungi, akamimina maji na samadi mbichi, akaufunika na kuuziba tena, akangoja. Akawasha, ukatoka ulimi wa moto wa buluu, usio na moshi.

Uji ukaiva. Namkunda akanywa hadi jasho likamtoka. Mtoto akaogeshwa, akalala, mikono yake ina joto. Nakijwa akaketi chini akalia, maana shoka lake lilikuwa limebakiza kidogo tu kuwaua watoto wa mwenzake.

Majirani wakaja, wakaona, wakaenda kufunika mashimo yao. Kichaka kile hakuna aliyekigusa tena.

Namkunda alipotoka arobaini, hakuanza kutembelea ndugu wala mashoga zake. Alimfunga mtoto mgongoni, mama yake akabeba kapu la mifupa yenye nyama, wakashuka bondeni. Fisi akatoka, watoto wake wakichungulia nyuma yake. Namkunda akapiga magoti, kama apigiwavyo mkwe.

"Mama," akasema, "mwanangu yu hai kwa ajili yako. Ahsante."

Fisi akawaambia kwamba amefukuzwa kwa mawe, amefukuzwa kwa mbwa, amefukuzwa kwa mienge, lakini neno lile hajawahi kuambiwa, wala hajui hujibiwaje.

"Hujibiwa, ahsante kushukuru," akasema Nakijwa.

Fisi akalisema polepole, kama mtu anayeonja chakula kigeni. Na watoto wake, nyuma yake, wakalisema.

Hadithi yangu imeishia hapo bondeni. Nanyi mlionisikiliza, ahsanteni.