Misumari ya Bi Eutropia

Palikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa na ukuta wenye misumari ishirini na mmoja. Jina lake Eutropia Semkiwa, mjane wa marehemu Zakaria Semkiwa, fundi wa reli, na nyumba yake ilikuwa mtaa wa Majengo, nyuma ya stesheni. Katika chumba cha mbele alilea watoto wadogo wa watu waliokwenda kazini. Kila mtoto alikuwa na msumari wake, na kwenye msumari kilitundikwa kikombe cha bati kutoka kwao. Desturi ilikuwa hii: mama mwenyewe hukitundika siku ya kwanza, na mama mwenyewe hukishusha siku ya mwisho. Kikombe kikiwapo ukutani, mtoto yupo. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto wa uji, Bi Eutropia aliutazama ukuta ule kama mkulima anavyolitazama shamba lililoota.

Mwaka mmoja masika yalifurisha vyoo, na kipindupindu kikaingia Majengo. Bwana Afya wa mtaa, Danstan Kilua, alibandika karatasi mlangoni: watoto wasikusanywe humu mpaka zipite siku kumi bila mgonjwa mpya.

Siku hazikupita upesi. Mgonjwa mmoja alipopona, mwingine alilala. Bi Eutropia alikaa peke yake katika chumba kile kimya, na upepo ulipopenya dirishani vikombe viligongana, naye kila mara akashtuka. Ugonjwa aliuogopa kama kila mtu. Lakini kilichomwamsha alfajiri kilikuwa hofu nyingine: hofu ya ukuta mtupu. Ng'ambo ya reli palikuwa na kituo kipya chenye bembea na kuta za rangi. Watoto wakishavuka reli, aliwaza, hawarudi.

Akina mama walipouliza kama ada ya mwezi ule ingedaiwa na mlango umefungwa, alituma jibu moja kwa wote. Anayelipa, msumari wake upo. Asiyelipa, msumari wake utapewa mwingine. Watatu hawakulipa. Basi Bi Eutropia akapanda juu ya kigoda, akashusha vikombe vitatu kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akavifunga kwa gazeti na kuwapelekea wenyewe.

Habari ilifika bombani kabla ndoo hazijajaa.

"Jamani, siku hizi tunalipia ukuta!" alisema mama mmoja.

"Lipa, shoga," mwenzake akamjibu, "usije ukaletewa kikombe chako kimevikwa sanda."

Walicheka. Kisha wakaenda kulipa.

Mmoja wa waliolipa alikuwa Namsifu Mbwambo, mponda kokoto. Aliishi na mama yake mzazi, Nakijwa, na binti yake wa miaka minne, Niwaeli. Bila msumari ule, Niwaeli angeshinda machimboni kando ya nyundo, mahali ambapo kipande cha jiwe kilikuwa kimempofusha mtoto wa jirani jicho moja. Namsifu alilipa, akapewa stakabadhi, akaifunga kwenye pindo la khanga. Kabla ya kuondoka alikitazama kikombe cha mwanawe, cha buluu, kilichomenyeka ukingoni.

Siku kumi zikatimia. Bwana Afya akaja, akakagua maji yaliyochemshwa, akakagua sabuni, akaibandua karatasi. Lakini hakuondoka kabla ya kumwagiza jambo moja.

"Kesho usimpokee mtoto kabla hujamuuliza mama yake kama nyumbani kuna anayeharisha au kutapika. Akisema yupo, mtoto arudi. Watu wanaficha wagonjwa, Bi Eutropia."

"Nitauliza," alisema, naye alikuwa na nia ya kuuliza.

Kesho yake akina mama walijipanga mlangoni. Wa kwanza akasogea. Swali lilikuwa tayari ulimini. Lakini Bi Eutropia aliona walio nyuma wametega masikio, akawaza: huyu akisema ndiyo, wote hawa watageuka. Watavuka reli mbele ya macho yangu.

"Stakabadhi unayo, mwanangu?" akasema.

Akamuuliza wa pili hivyo hivyo, na wa tatu, na wote waliofuata. Neno likishakosewa mara ya kwanza, mara ya pili ni jepesi.

Wa mwisho, wa kumi na nane, alikuwa Namsifu. Niwaeli alikuwa ameoshwa, amepakwa mafuta, nywele zimesukwa upya.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Stakabadhi?"

Namsifu alifungua pindo akaitoa. Kisha hakuondoka. Alisimama mguu mmoja kizingitini, akamtazama mtoto, akamtazama Bi Eutropia, midomo ikitaka kufunguka. Bi Eutropia aliliona hilo. Baadaye ndilo lililomtesa, kwamba aliliona. Akageuza uso kuelekea ukutani, akaanza kuhesabu vikombe. Vyote kumi na nane vilikuwapo. Alipotazama tena mlangoni, Namsifu alikuwa amekwenda.

Saa nne uji ukamiminwa. Watoto walikuwa hawajaonana muda mrefu. Wakanywa, wakacheka, wakabadilishana vikombe kama watoto wafanyavyo. Kikombe cha buluu kilipita mikononi mwa watatu, au wanne. Niwaeli mwenyewe hakumaliza uji wake.

"Kunywa, mama, ukue," mpishi wa Bi Eutropia alimbembeleza.

"Bibi Nakijwa naye hataki uji," mtoto akasema. "Anatapika tu. Mama anafua mashuka, anafua, hayaishi."

Chumba kizima kiliendelea kucheka isipokuwa watu wazima wawili. Bi Eutropia alimpokonya kikombe cha buluu mtoto aliyekuwa nacho, kisha akasimama nacho mkononi, asijue ni wangapi walikuwa wamekinywea. Akamtuma mpishi mbio kwa Bwana Afya, na mtu mwingine machimboni.

Namsifu alifika na vumbi jeupe mpaka kope.

"Umeniua, Namsifu! Kwa nini hukusema?"

Namsifu hakupaza sauti. "Nilisimama mlangoni nikingoja uniulize, Bibi. Uliniuliza stakabadhi."

Nakijwa alibebwa kwenda kambi ya wagonjwa, na Namsifu na Niwaeli wakapelekwa pamoja naye. Bwana Afya aliibandika karatasi yake palepale ilipokuwa. Akaandika majina ya watoto, mmoja mmoja, jina lake na la baba yake, na akauliza ni wepi waliokunywea kikombe cha buluu. Bi Eutropia hakujua. "Siku tano," alisema Bwana Afya, akafunga daftari. "Ndani ya siku tano tutajua."

Jioni ile akina mama walikuja kushusha vikombe. Hakuna aliyetukana, ingekuwa afadhali wangetukana. Kila mmoja alikishika chake kwa ncha ya khanga, akaenda kukitupa mtaroni. Ukutani kikabaki kikombe kimoja, cha buluu, ambacho mwenyewe hakuwapo kukishusha, na mkono mwingine haukuthubutu.

Siku ya kwanza hapakuja habari. Ya pili pia. Siku ya tatu asubuhi mtu aligonga mlango kwa haraka, mara tatu. Na Bi Eutropia, yule aliyeogopa ukuta mtupu, akapiga magoti chini ya misumari mitupu na kikombe kile kimoja, akaomba kwa moyo wake wote kwamba mgongaji awe ni mtu tu aliyekuja kudai arudishiwe ada yake.

Nawe uliyewekwa mlangoni pa watoto wa wenzako, ni swali gani unaloogopa kuuliza?