Kwa Nini Upinde Ni Mwembamba Nchani

Hapo kale, nyani walipokuwa wakila shambani bila hata kugeuza shingo, upinde ulikuwa gongo lililofungwa kamba. Unene wake ulikuwa mmoja, kutoka ncha hii hadi ncha ile, na aliyeubeba kutwa alirudi nyumbani bega limekufa ganzi. Watu walivumilia tu, wakidhani upinde ndivyo ulivyo.

Asiyevumilia alikuwa Kalunde, mama mkwe wa Kasanda, mchonga pinde. Mtama wake ulikuwa unamalizwa na nyani. Akamchukua binti yake Nyamizi amsaidie kuwafukuza, akaapa kwamba hatamrudisha kwa mumewe mpaka apewe upinde ambao mkono wa mama mtu mzima unaweza kuuinua. Kasanda akabaki na jiko baridi na kitanda kipana.

Akakata mti wa mkole, akauchonga kwa tezo, akaupeleka ukweni. Siku zile mtu na mama mkwe wake hawakutazamana wala kusemeshana. Kasanda alisimama nje ameupa mlango mgongo, na Nyamizi akapeleka maneno huku na huku, ingawa wale wawili walisikiana vizuri kabisa.

"Mwambie mumeo ni mzito."

Kasanda akarudi, akaupunguza wote sawasawa. Ukawa mwepesi, lakini ulipovutwa ukavunjika katikati kama bua. Akachonga mwingine, mzito. Akachonga mwingine; ukavunjika. Jamani, mtu huchoka! Viganja vilimtoka malengelenge, na kila akirudi nyumbani alipokewa na mbuzi.

Mara ya mwisho Kalunde aliushika upinde katikati, akaunyoosha nje ya mlango. "Mwambie apunguze hapa hapa, nikiwa nimeushika. Siuachii, maana akiondoka nao anakwenda kuniharibia."

"Mwambie mama aachie! Nitachongaje penye mkono wake?"

"Mwambie siachii."

Nyamizi aliketi chini. "Mmesikiana," akasema, amechoshwa nao wote wawili.

Kasanda alitamani kulia. Kuugusa mkono wa mama mkwe kulikuwa mwiko, aibu ya ukoo mzima. Akaenda kinyumenyume, macho yakitazama njia aliyojia, akapapasa mpaka akaipata ncha moja, akaanza kuiparuza kwa kisu kwa hasira. Alipokaribia ngumi ya Kalunde aliacha, akahamia ncha ya pili. Aliparuza huku akinung'unika kwamba safari hii ukivunjika na uvunjike, yeye atalala na mbuzi.

"Basi, hapo hapo!" Kalunde akapaza sauti, akasahau kumtuma Nyamizi. Upinde haukumlemea tena mkononi. Akafunga kamba, akavuta. Ncha zikakunjika, katikati pakatulia ndani ya ngumi. Mshale ukaruka hadi shambani, na nyani dume akadondosha suke la mtama, akakimbia na wenzake wote.

Kasanda hakungoja shukrani. Alimshika mkewe mkono, wakashika njia. Nyuma yao wakasikia, "Nyamizi! Mwambie mumeo na mishale nayo ni mizito!"

Nyamizi hakugeuka, wala hakulipeleka neno hilo.

Na tangu siku hiyo upinde ni mwembamba nchani na mnene katikati, upana wa ngumi ya mama mtu mzima. Na mchonga pinde akifika kwenye ncha huwapa watu mgongo. Ukiwa na la kumwambia, ngoja kwanza amalize.