Mnazi wa Kitovu

Sogeeni jamani, na anayesinzia afinywe! Hapo kale palikuwa na Zimwi lililojitwalia ardhi yote, kuanzia kilimani hadi kisimani. Watu walime mahindi, walime mihogo, sawa. Lakini kupanda mti, thubutu! Zimwi lilijua kwamba apandaye mti haondosheki.

Basi Mbodze, mkulima wa hapo, akajifungua binti. Kitovu kilipokatika akasema, "Mwanangu hatakosa kwao." Akakizika nyuma ya nyumba, na juu yake akapanda mche wa mnazi.

Zimwi likaja likinguruma. Likaung'oa mche, likautupa. Asubuhi, mche uko palepale! Likaung'oa, likauchoma moto. Asubuhi, mche uko palepale, tena umezidi kimo! Mara ya tatu likaukumbatia, likavuta, likavuta. Mnazi nao ukarefuka, Zimwi linaning'inia, juuu, juuu, mapaa yakabaki chini kama uyoga.

"Mbodze! Niteremshe! Hii ardhi ni yangu!"

Mbodze akapaza sauti: "Yako? Haya, kitovu chako kimezikwa wapi?"

Zimwi halina mama, kitovu lingekitoa wapi? Mnazi ukajipinda, ukalirusha, fyuuu! Hadi leo halijatua.

Kulipokucha, kijiji kizima kilikuwa kinachimba mashimo ya minazi.

Hadithi yangu naiacha hapo. Na wewe unayecheka, kamuulize mama yako chako kiko wapi.